UZI: Sindano ya methotreksati kwa baridi yabisi – dozi, bomba, maudhi na dawa za kutochanganya nayo

MwembeMkubwa (Tabora)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za Jumapili. Uzi huu ni wa sindano ya methotreksati (kwenye boksi utaona imeandikwa Methotrexate) kwa mgonjwa wa baridi yabisi, ile inayokamata vidole vya mikono yote miwili na asubuhi mtu hawezi kukunja ngumi mpaka jua lipande. Goti la uzee halimo humu, gauti nayo haimo.

La kwanza, na nitalirudia mpaka mnichoke: dawa hii ni MARA MOJA KWA WIKI. Tumezoea bahasha za dawa zilizoandikwa "1x1" au "1x3", na mkono wa mtoa dawa nao umezoea. Akiandika "1x1" kwenye bahasha ya methotreksati, mgonjwa ataitumia kila siku, na siku chache tu za namna hiyo zinatosha kuzima uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Bahasha iandikwe jina la siku kwa herufi kamili: IJUMAA TU. Ikiwa haijaandikwa hivyo, irudishe dirishani waiandike mbele yako.

Dozi ya mtu mzima huanzia 7.5 hadi 15 mg kwa wiki, inapanda 2.5 au 5 mg kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa kawaida inaishia 25 mg. Mzee au mwenye figo dhaifu anaanzia chini na anapandishwa polepole. Nafuu huchukua wiki 6 hadi 12, ndiyo maana daktari huongeza prednisoloni (steroidi ya kutuliza uvimbe) kidogo ya kusogezea siku. Mtu anayeacha wiki ya tatu kwa kuwa "haifanyi kazi" hajaijaribu bado.

Kwa nini sindano wakati vidonge vipo? Vidonge vikizidi 15 mg utumbo hauvuti vyote. Ukichoma chini ya ngozi, karibu yote inaingia, na kichefuchefu mara nyingi hupungua. Hapo kuna mtego: aliyekuwa akimeza 20 mg akahamia sindano ya 20 mg, mwili wake unapokea zaidi ya jana ingawa namba haijabadilika. Damu ipimwe kwa ratiba ya mtu anayeanza.

Ulizeni.

---

Mgebuka_72 (Ujiji)

Mkuu, shukrani. Kichupa kimeandikwa 50 mg/2 ml, cheti kinasema 15 mg, na duka limetoa mabomba ya insulini. Mvutaji avute hadi mstari gani?

---

BombaLaMojaML (Tabora)

Mgebuka, swali lako ndilo moyo wa uzi wote, naomba nilijibu kwa mapana.

Anza na kichupa. 50 mg kwenye 2 ml maana yake kila 1 ml ina 25 mg. Kichupa kikubwa cha 500 mg/20 ml ni 25 mg/ml vilevile. Lakini kipo cha 1 g/10 ml, hicho ni 100 mg/ml, cha wodi ya saratani. Mjazo uleule kutoka kwenye kile ni dozi mara nne. Na mabomba yaliyojazwa kiwandani mengi ni 50 mg/ml. Kwa hiyo usikariri "huwa tunavuta sifuri nukta sita". Kila boksi jipya, soma upya.

Hesabu: dozi gawanya kwa 25.

7.5 mg = 0.3 ml
10 mg = 0.4 ml
12.5 mg = 0.5 ml
15 mg = 0.6 ml
20 mg = 0.8 ml
25 mg = 1 ml

Haya, bomba. Bomba la insulini halijaandikwa ml, limeandikwa yuniti, na yuniti hizo ni za insulini. Kwenye bomba la U-100, yuniti 100 ni 1 ml, kwa hiyo 0.6 ml ni mstari wa 60. Lakini bado yapo mabomba ya U-40 mitaani, na humo yuniti 40 ndizo 1 ml. Chukua mwenye dozi ya 10 mg aliyefundishwa "vuta hadi 40" kwenye U-100. Siku akiuziwa U-40 akavuta hadi 40, amechukua 1 ml kamili, yaani 25 mg. Ni mara mbili na nusu ya dozi, na bomba kwa macho linafanana.

Ushauri wangu: omba bomba la 1 ml lenye mistari ya 0.01, lile la kupimia kifua kikuu kwenye ngozi. Lina ml peke yake, halina lugha ya yuniti. Bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kurudi hospitali. Likikosekana kabisa, tumia la insulini lenye maandishi U-100, na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani andikeni yote mawili: "0.6 ml = mstari wa 60 wa U-100 TU".

Na mtu asiseme "miligramu 0.6" wala "mil 15". Mil ya huku mtaani inaweza kuwa miligramu, inaweza kuwa mililita, na humo ndimo watu wanapotelea.

---

Asali_ya_Sikonge

Niongeze kidogo kwa BombaLaMojaML. Kuna watu wanavuta ziada kidogo "ya kufidia inayobaki kwenye shingo ya sindano". Msifanye hivyo. Mistari ya bomba inahesabu kinachotoka ukisukuma hadi mwisho, shingo ikiwa imeshajaa dawa. Toa hewa kwanza, tone moja lionekane kwenye ncha, ndipo usome mstari. Ukifidia mara mbili unazidisha.

Kwa bomba lililojazwa kiwandani ni kinyume: kile kipovu cha hewa kiacheni humohumo, ukikitoa unamwaga dawa.

---

NesiWaMwanga (Kigoma)

Hatua za kuchoma, kwa yule atakayefanya nyumbani baada ya kuelekezwa ana kwa ana:

Osha mikono, vaa glavu. Mjamzito au anayenyonyesha asishike kichupa, asisafishe kilichomwagika. Tazama dawa kwenye mwanga: iwe ya njano, angavu, bila chembe. Ikiwa na ukungu au vipande, usiitumie.

Futa mpira wa kichupa kwa spiriti, uache ukauke wenyewe. Vuta kwa sindano nene ya 21G, kisha badilisha uweke nyembamba ya 25G hadi 27G, urefu wa nusu inchi. Ile iliyopita kwenye mpira imeshakuwa butu na nje yake ina dawa. Ukichomea hiyohiyo ngozi inawasha, halafu lawama zinakwenda kwa dawa.

Mahali: tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, au paja kwa mbele. Usichome kwenye kovu, kwenye chunusi wala palipovia damu. Bana ngozi, ingiza, sukuma polepole, hesabu hadi kumi, toa. Bonyeza kwa pamba, usisugue. Wiki ijayo hamia upande mwingine. Wekundu mdogo wa siku moja mbili si kitu. Kidonda au ngozi inayochubuka mahali palipochomwa, hiyo ni ya kumwonyesha daktari.

Ikidondokea ngozini: maji mengi na sabuni. Machoni: maji safi kwa dakika 15 hivi, kisha kituo cha afya. Mezani: nyonya kwa karatasi au kitambaa cha kutupa ukiwa na glavu, osha kwa maji ya sabuni, kila kitu kwenye mfuko uliofungwa.

---

Dagaa_Kibirizi (Kigoma)

Nesi asante. Sasa kichupa cha 50 mg, ametumia 15, imebaki 35. Kimetobolewa mara moja tu. Haiwekwi kwenye friji akaitumia wiki ijayo na nyingine?

---

NesiWaMwanga

Soma lebo. Kama imeandikwa haina kihifadhi, au ni ya matumizi ya mara moja, ikishatobolewa inayobaki ni ya kutupwa. Dawa yenyewe haiharibiki haraka, ila ulipotoboa umefungulia vijidudu mlango, na friji haiviui. Mtu ambaye kinga yake imepunguzwa makusudi ndiye wa mwisho kuchomwa kitu hicho.

Vipo vichupa vyenye kihifadhi kiitwacho benzili alkoholi, hivyo vimetengenezwa kutobolewa zaidi ya mara moja, kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi ya ndani. Sheria ni karatasi hiyo, hata muuzaji aseme nini.

Najua inauma kutupa dawa ya kununua. Njia ya kuokoa fedha ni kliniki kupanga wagonjwa watatu siku moja, kichupa kimoja kivutwe mabomba matatu kwa wakati mmoja. 15 + 15 + 20 inakuwa 50, hakuna kinachobaki. Liombeni kliniki, linapangika.

---

Kazaroho_Mjini

Jamani mbona mnatisha watu? Mimi nauliza la kawaida: kichefuchefu. Siku ya pili mtu hawezi hata kunusa dagaa.

---

MwembeMkubwa

Hilo ndilo linalowaachisha wengi dawa, na ndilo lenye tiba nyepesi kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Muda: choma usiku baada ya kula, ulale na kichefuchefu chako. Ijumaa usiku inawafaa wengi kwa kuwa Jumamosi ya uchovu haina kazi. Mkulima wa tumbaku wakati wa kukausha majani achague usiku mwingine wa wiki, ila akishauchagua asiuhamehame.

Maji: kunywa vizuri siku hiyo na ya kesho yake. Dawa inatoka kwa figo, na figo kavu inaichelewesha.

Chakula: kidogo kidogo, uji, viazi, ndizi. Mafuta mengi siku hiyo hapana.

Foliki (aina ya vitamini B): hii ndiyo nguzo. Asidi ya foliki 5 mg, angalau mara moja kwa wiki, siku tofauti na sindano. Wengine wanapewa 1 mg kila siku isipokuwa siku ya sindano. Kichefuchefu kikikataa, daktari anaweza kuongeza hadi 10 mg au zaidi kwa wiki. Inapunguza kichefuchefu, vidonda vya mdomo na vimeng'enya vya ini kupanda.

Bado? Metoklopramidi 10 mg nusu saa kabla, kwa cheti. Bado tena? Daktari ashushe dozi 2.5 hadi 5 mg kwa mwezi, kisha ajaribu kupanda tena.

---

Kazaroho_Mjini

Lakini mkuu, si methotreksati inapigana na foliki? Ukimeza foliki si unaifuta dawa?

---

BombaLaMojaML

Hoja inaonekana ya kweli ndiyo maana imesambaa. Kwenye dozi ndogo hii ya baridi yabisi, sehemu kubwa ya kazi yake ya kutuliza uvimbe haitegemei kuinyima seli foliki. Inatokana zaidi na adenosini, kemikali ya mwili wenyewe inayotuliza uvimbe, kujikusanya palipovimba. Foliki unayomeza inafidia utumbo, mdomo na ini, uvimbe wa viungo unaendelea kutulizwa. Kuitenganisha siku ni kujihami tu, na kuna faida ya pili: vidonge vya foliki na vya methotreksati ni vidogo, vya njano, vinafanana kama pacha. Kwa mwenye vidonge, siku tofauti na kopo tofauti.

Kitu kingine cha huku kwetu. Ukienda duka la dawa muhimu ukaomba "foliki", mara nyingi unapewa FEFO, vile vidonge vya wajawazito vyenye madini ya chuma. Foliki iliyomo ni 0.25 au 0.4 mg. Kupata 5 mg kwa vile vya 0.25 ni vidonge 20, na chuma cha vidonge 20 ni sumu. Uliza mahsusi: "asidi ya foliki tupu, miligramu 5". Hakuna? Nenda famasi kubwa au ya hospitali ya mkoa, Kitete kwa Tabora, Maweni kwa Kigoma.

---

Mlango_wa_Stesheni (Tabora)

Vidonda vya mdomo: sukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, mara nne kwa siku. Mswaki laini. Vinakauka vyenyewe. Mwenye UTI ya mara kwa mara nayo tunamalizia kwa septrini tu, bei chee.

---

BombaLaMojaML

SIMAMA HAPO. Mlango, samahani kwa herufi kubwa, ila sentensi yako ya mwisho inaweza kumpeleka mtu kaburini.

Septrini (kotrimoksazoli) + methotreksati = HAPANA. Zote zinakaba njia ya foliki, na septrini inazuia figo kuitoa methotreksati. Matokeo yake ni chembe za damu kuanguka zote, nyeupe, nyekundu na sahani (zile za kugandisha damu). Imeshatokea duniani kwa watu wenye dozi ndogo ya wiki, kwa siku chache tu za septrini. Trimethoprimu peke yake ni hivyohivyo.

Na huku kwetu kila anayekojoa kwa kuungua anaambiwa "una UTI", septrini inatoka rafuni kabla hajakaa kwenye benchi. Mgonjwa aseme kabla hajaulizwa: "Natumia methotreksati kila wiki, sitakiwi septrini." Nitrofurantoini au sefaleksini kwa kawaida hupita, mradi figo ziko sawa na mtaalamu ameamua. Amoksilini nayo inaweza kuchelewesha methotreksati kidogo, kwa hiyo mgonjwa ataje anatumia nini.

Wanaotumia septrini ya kila siku kwa sababu ya VVU: msianze sindano hii mpaka daktari wa kliniki ya tiba na matunzo na wa viungo wakubaliane. Kuna dawa nyingine za baridi yabisi.

Halafu SP, ile ya malaria ya zamani. Sio tiba ya malaria siku hizi, lakini madukani ipo na watu wanameza. Ni ndugu wa karibu wa septrini kwa kazi. Hapana.

---

Mlango_wa_Stesheni

Nimekuelewa mkuu, nafuta kauli. Na vidonda vya mdomo?

---

NesiWaMwanga

Maji ya chumvi yako ni sahihi kwa kidonda kimoja viwili. Vikiwa vingi, vinatoa damu, au mtu hawezi kumeza, hilo ni jambo jingine: sindano inayofuata isichomwe, na FBP (kipimo cha chembe zote za damu) ipimwe siku hiyohiyo. Mdomo kwa dawa hii ni kama kioo cha uboho. Mara nyingi unasema kabla ya maabara.

---

Mwana_Uyui

Homa je? Kwetu homa ni malaria hadi ithibitishwe vingine.

---

NesiWaMwanga

Kanuni ya homa ni fupi: homa 38 na zaidi, sindano inasubiri. Pima malaria kwa kipimo cha haraka. Ikiwa chanya, dawa ya mseto (ALU) itumike kamili, sindano irudi mgonjwa akishapona. Ikiwa hasi, msiridhike na kumeza Panadol. FBP itoke, kwa sababu homa na chembe nyeupe zilizoshuka ni dharura ya saa, si ya kesho. Akiandikiwa antibayotiki, sindano isubiri mpaka amalize na awe mzima.

Kuruka wiki moja au mbili hakurudishi ugonjwa mwanzo. Watu wanaogopa kuruka kuliko wanavyoogopa kuchoma wakati mbaya.

Kuhara na kutapika, hivyohivyo. Mwili ukikauka, figo zinabana na dawa inabaki ndani. Mwenye kuhara kwa nguvu asichome, anywe ORS, akapimwe kreatinini (kipimo cha figo) kabla ya kurudia. Na aachane na diklofenaki siku hizo.

---

Asali_ya_Sikonge

Umegusa diklofenaki, nami nina neno. Diklofenaki au ibuprofeni pamoja na methotreksati ya wiki hutumika sana, kwa mwenye figo nzima na vipimo vya mara kwa mara. Kinacholeta balaa ni rundo: vidonge vya diklo asubuhi, "sindano ya diklo" zahanati jioni, juu yake siku mbili za kuhara.

Kisha ule unga wa "dawa ya baridi" unaouzwa minadani bila lebo. Ukiona unga unaondoa maumivu ndani ya siku moja, uso unavimba na hamu ya kula inapanda, shuku kwamba umechanganywa steroidi. Mzigo kwa ini, sukari na shinikizo, na daktari anadhani methotreksati ndiyo mkosaji.

Pombe: gongo hakuna ajuaye nguvu yake, kwa hiyo hata hesabu ya kiasi haiwezekani. Bora iachwe.

---

Mwana_Uyui

Vipimo vipi, na kila lini? Kila anayeulizwa ana ratiba yake.

---

MwembeMkubwa

Kabla ya kuanza: FBP, ALT (kimeng'enya cha ini), kreatinini, homa ya ini B na C, VVU, picha ya kifua, na mimba kwa mwanamke wa umri wa kuzaa.

Baada ya kuanza, ratiba ya mwongozo wa Uingereza wa 2017 inafuatika hata huku: kila wiki 2 mpaka dozi itulie wiki 6, kisha kila mwezi kwa miezi 3, kisha kila wiki 12. Dozi ikipandishwa, rudi kwenye wiki 2. Vipimo ni FBP, ALT, albumini (protini ya damu) na kreatinini.

Namba za mwongozo huohuo zinazotakiwa kumfikia daktari kabla ya sindano inayofuata: chembe nyeupe chini ya 3.5, nyutrofili (aina ya chembe nyeupe) chini ya 1.6, sahani chini ya 140, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) juu ya 105, ALT juu ya 100, kreatinini iliyopanda zaidi ya asilimia 30 ndani ya mwaka. Lakini tazameni mwelekeo pia: nyeupe 7.2, kisha 5.6, kisha 4.1 bado "kawaida" kwenye karatasi, ila zinateremka mlima. Karatasi za majibu ziwekwe kwenye faili moja kwa mfuatano. Maabara ikibadilika, viwango vyake vya kawaida navyo hubadilika.

Damu itolewe siku moja au mbili KABLA ya sindano. Ukipima kesho yake, ALT inaweza kupanda kwa muda, watu wakasimamisha dawa bila sababu.

---

Mgebuka_72

Mtu amesahau siku yake?

---

BombaLaMojaML

Ndani ya siku 2, achome, kisha wiki ijayo arudi siku yake ya kawaida. Zimepita siku 2, aruke, asubiri siku yake. Asichome mbili kufidia.

Akichoma mara mbili kimakosa, au akagundua alivuta mara nne: hospitali sasa hivi, hata akijisikia mzima. Siku za kwanza huwa kimya, vidonda na homa huja baadaye wakati uboho umeshaumia. Dawa ya kuizima ni asidi ya foliniki, hudungwa au humezwa kila baada ya saa 6. Foliniki si foliki. Majina yanakaribiana, ila ile ya 5 mg ya nyumbani haifanyi kazi hiyo. Foliniki hukaa zaidi kwenye hospitali zinazotibu saratani, kwa kanda hii ulizieni Bugando, Mwanza. Ndiyo maana simu ipigwe mapema, rufaa kutoka Kigoma ni mwendo. Nendeni na kichupa na bomba lililotumika, daktari ajihesabie mwenyewe.

---

Dagaa_Kibirizi

Kikohozi kikavu wiki ya tano, bila homa kubwa, anahema akipanda kilima. Kifua kikuu?

---

MwembeMkubwa

Inaweza, na kipimo cha makohozi kifanyike. Ila kikohozi kikavu kinachoandamana na kukosa pumzi kwa mtumiaji wa sindano hii ni mapafu kuvimba kwa dawa mpaka ithibitishwe vingine. Hutokea kwa watu wachache, kwa dozi yoyote, zaidi mwaka wa kwanza. Asimamishe leo, aende hospitali yenye eksirei na kipimo cha oksijeni cha kidole. Ikithibitika ni yenyewe, dawa hii hairudiwi tena maishani.

---

Mama_Ntuzu

Na wanaotaka mtoto? Halafu chanjo ya homa ya manjano, kwa wanaovuka ziwa kwenda Kongo.

---

NesiWaMwanga

Mimba, mama: sindano hii inaua mimba au inaharibu kiumbe. Uzazi wa mpango wa uhakika muda wote. Anayetaka kubeba anaiacha mapema: miongozo ya wataalamu inasema mwezi 1 hadi 3, karatasi za baadhi ya viwanda zinasema miezi 6. Foliki inaendelea. Hedhi ikichelewa siku chache, pima mimba kabla ya sindano, usisubiri. Kunyonyesha, hapana.

Manjano ni chanjo hai, yaani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwenye safari achanjwe kabla ya kuanza dawa. Aliyekwisha anza asichanjwe bandarini kwa haraka ya boti. Daktari aamue, na anaweza kumwandikia barua ya msamaha. Uamuzi wa mpakani ni wa ofisa wa afya wa nchi ile, ulizeni kabla ya kukata tiketi. Chanjo zisizo hai, kama ya mafua na nimonia, hazina shida.

---

Kazaroho_Mjini

Joto la Tabora la Oktoba, nyumba ya bati, umeme wa kukatika. Iwekwe wapi?

---

Asali_ya_Sikonge

Methotreksati haitaki friji, na isigande kabisa. Inataka chini ya nyuzi 25, au 30 kulingana na lebo, ndani ya boksi lake kwa sababu mwanga unaiharibu. Chumba cha ndani, kabatini chini, mbali na dari ya bati na jiko. Kama chumba kinapita hapo, mtindo wa wenye insulini unafaa: chungu kikubwa, mchanga mbichi, chungu kidogo ndani, dawa kwenye mfuko usiopitisha maji, kitambaa chenye unyevu juu, kivulini penye upepo. Mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Weka kipimajoto humo siku mbili kabla ya kukiamini.

Wanaotumia adalimumabu (sindano nyingine ya baridi yabisi), 40 mg kila baada ya wiki 2, hao ndio wa friji: nyuzi 2 hadi 8. Ikitoka Dar kwa treni au basi, iwe kwenye kibebeo cha chanjo, barafu imefungwa kitambaa, dawa isiguse barafu. Ikiganda ni ya kutupwa hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Ile ya kampuni asilia inavumilia hadi nyuzi 25 kwa siku 14 tu, na nyingine zina muda wake, kasome boksi. Itoe dakika 15 hadi 30 kabla ya kuchoma, ikiwa baridi inauma. Na kwa dawa hiyo kifua kikuu kilicholala kitafutwe kwanza. Kikipatikana, isoniazidi ianze angalau mwezi mmoja kabla. Isoniazidi na methotreksati kwa pamoja ini linabeba mzigo, ALT ifuatiliwe kwa karibu.

---

Mgebuka_72

La mwisho kwangu: sindano zilizotumika. Wengi wanatupa chooni.

---

NesiWaMwanga

Chooni hapana, shimo la taka hapana, kuchoma moto uani hapana, moshi wake una dawa. Omba boksi la usalama kliniki, lile la njano la chanjo. Likikosekana, kidumu kigumu cha plastiki chenye mfuniko wa kuzungusha, kiandikwe SINDANO – DAWA KALI, kiwekwe juu ambapo mtoto hafiki. Usirudishe kifuniko kwenye sindano, ndipo watu wanapojichoma. Kikijaa robo tatu, funga, rudisha hospitali yenye tanuri siku ya kliniki. Vichupa tupu na glavu vinaingia humohumo. Na msafishaji wa choo cha mgonjwa avae glavu siku mbili baada ya sindano, dawa nyingi inatoka kwa mkojo.